Gundi Iliyoachia Dari

Usiku wa Julai 10, 2006, dari la zege ndani ya handaki la barabara mjini Boston, Marekani, liliporomokea gari na kumuua abiria mmoja. Zaidi ya tani 20 zilianguka. Paneli hizo zilining'inia kwenye fito za chuma, na mzigo wote ukaishia kwenye boliti zilizogundishwa kwa epoksi katika matundu yaliyotobolewa kwenye zege la juu. Gundi ndiyo iliyoachia.

Uchungu wa mkasa huu ni kwamba boliti zile zilikuwa zimepimwa. Zilivutwa kwa nguvu kubwa kuliko mzigo wake, zikashika, zikapitishwa. Lakini epoksi ile, ya aina inayokauka haraka, ikivutwa dakika chache inashika vizuri. Ikibebeshwa mzigo usiopungua mchana na usiku, inanyumbuka kidogo kidogo mpaka boliti ichomoke. Kipimo cha dakika chache hakiwezi kuonyesha hilo. Mwaka 1999 baadhi ya boliti zilikwishaonekana zikishuka. Zikabadilishwa, zikapimwa kwa njia ileile, kazi ikaendelea. Hapo ndipo maisha ya mtu yalipopotea, miaka saba kabla ya ajali.

Kiyoyozi cha darini au projekta ya ukumbini nayo huvuta boliti yake saa zote, na juu ya hapo hutikisika. Kwa hiyo mzigo haupewi jipsamu ya dari wala fremu yake. Fito zipite hadi kwenye slabu. Mimi huchagua boliti ya chuma inayotanuka ndani ya zege, iliyoidhinishwa kwa mzigo wa kuning'inia. Tundu lifike kina kilichoagizwa, lisuguliwe kwa brashi na kupulizwa hadi lisitoe vumbi, nati ikazwe kwa spana ya torki, kisha ifungwe kwa nati ya pili. Waya wa usalama uwe na boliti yake peke yake, mbali na zile za mwanzo. Ukifungwa kwenye boliti hizohizo, zikichomoka vyote vinashuka pamoja.

Mafundi makini humalizia kwa mstari wa rangi unaopita juu ya nati na fito. Nati ikilegea, mstari unakatika. Boliti ikianza kuchomoka, washa inaachana na zege. Dalili zote mbili huonekana kwa tochi, mradi mwenye jengo ameacha mlango wa ukaguzi kwenye jipsamu. Majengo mengi hayana mlango huo, na kuuweka wakati dari linajengwa ni kazi ndogo sana.