Cinna asiondolewe: 'Juliasi Kaizari' katika jukwaa la Nakuru

Mkusanyo wa kazi za Shakespeare wa mwaka 1623 uliiweka Julius Caesar kwenye fungu la tanzia, si la tamthilia za kihistoria. Mgawanyo huo tusiushikilie sana. Kisa ni cha historia, chanzo chake Plutarch, na Mwalimu Nyerere alikitafsiri 1963, kisha akakipiga msasa na kukitoa upya 1969 kwa jina Juliasi Kaizari, akiwa kiongozi wa taifa changa.

Mwelekezi atakayeiigiza hapa, tuseme katika ukumbi wa Nakuru Players, atataka kupunguza muda. Rahisi kukata ni onyesho la tatu la tendo la tatu, ambapo umati uliochemshwa na hotuba ya Antony unamkuta Cinna mshairi njiani. Ati halisukumi msuko. Hapana, bwana!

Hebu tazama. Wanamhoji jina, aendako, anakokaa, kama ameoa. Anawaambia yeye ni mshairi, si Cinna yule wa njama. Kwao jina latosha. Na huyu alikuwa rafiki ya Kaizari! Januari 2008, kwenye vizuizi vya barabara ya Nakuru na Naivasha, watu walidaiwa kitambulisho ili majina yao yasomwe. Hadhira ya hapa haihitaji kufafanuliwa zaidi.

Lililo gumu ni lugha. Cinna anaingia na mistari ya ushairi, nao umati unamvuta kwenye nathari. Kishawishi ni kuutia umati Sheng. Watu watacheka, na hatia yote itawaangukia vijana wa mtaani. Mimi ningewapa Kiswahili cha kila siku, kile cha stejini na sokoni, tena kinywani mwa watu wazima. Wa kwanza aulize kwa adabu kabisa: "Samahani mzee, unaitwa nani?" Adabu hiyo itatisha kuliko kelele.

Antony naye, mwenye Kiswahili sanifu cha kupendeza, asiondoke jukwaani. Asimame nyuma, kimya, huku Cinna akiburutwa. Mwelekezi atakayefanya hivyo hatakuwa amebuni mno, maana tendo la nne linapofunguliwa Antony ameketi na Octavius na Lepidus, mbele yao orodha, wakitia alama majina ya watakaouawa.