Fundi wa Mwanga wa Kipupwe

Mpiga picha anayefanya kazi Songea hahitaji kalenda kujua kwamba kipupwe kimefika. Hutazama macho ya wateja wake. Mwezi Februari, na tena mwezi Oktoba, jua la saa sita husimama karibu kabisa na utosi, na kila uso unaopigwa picha nje hutoka na mashimo mawili meusi mahali pa macho. Ikifika Juni, jua hilohilo limehamia kaskazini. Mji huu uko zaidi kidogo ya nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri huwa limeinama kiasi cha nyuzi 34 kutoka utosini. Mwanga unaingia chini ya ukingo wa kofia, unafika kwenye kope, unalipata shavu kwa ubavu. Watu wanalalamikia baridi ya nyanda hizi zilizo juu ya mita 1,000. Mpiga picha anashukuru.

Ninayemzungumzia hapa ni fundi mmoja wa makamo, mwenye studio ya chumba kimoja mjini. Jina lake liko kwenye kibao cha mlangoni, na hapo linamtosha. Ndani kuna pazia la bluu la picha za pasipoti, na pazia jingine lililochorwa maporomoko ya maji. Kuna kioo, kitana, na msumari ulioning'inizwa koti jeusi na tai mbili. Koti hilo limevaliwa na waombaji kazi wasiohesabika. Kwa mwembamba huwa kubwa, na fundi hulikaza kwa nyuma kwa vibanio vya nguo. Kwenye picha mtu anaonekana ameshonewa suti yake mwenyewe, kumbe mgongoni ana vibanio vinne vya kuanikia nguo.

Kitu cha thamani kuliko vyote katika chumba hicho ni mlango, kwa sababu unatazama kusini. Majira haya ya baridi jua huchomoza upande wa kaskazini-mashariki, likapita kaskazini, likatua kaskazini-magharibi, na mchana kutwa haligusi kizingiti. Kinachoingia ni mwanga wa anga tu, mpole, usio na makali, ambao hautofautiani sana asubuhi na alasiri. Desemba mambo hugeuka: jua hupita upande wa kusini, likatumbukia chumbani moja kwa moja, na hapo fundi hulazimika kutundika shuka jeupe mlangoni ili kulipunguza ukali. Aliyapata haya yote bila kitabu. Kabla gridi ya taifa haijafika Songea mwaka 2018, mji ulitegemea sana majenereta ya dizeli, na umeme ulikatika ulivyotaka. Mpiga picha aliyetegemea taa alipoteza wateja. Aliyeujua mlango wake aliendelea na kazi.

Lakini mwanga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mtu mwenyewe, na kipupwe humleta mtu akiwa amejikunyata. Baridi ya Songea hukaa mabegani. Watu huingia wamevaa sweta, juu ya sweta wamezungusha kitenge, shingo imezama, mikono imefichwa kwapani. Ngozi imepauka, midomo imekauka. Ukimpiga picha mtu wa namna hiyo jinsi alivyoingia, utapata picha ya baridi, na mwenyewe hatajitambua.

Nilimtazama akimhudumia mama mmoja mtu mzima aliyehitaji picha za pasipoti kwa ajili ya kufuatilia mirathi ya marehemu mumewe. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umeifunika milima ya Matogoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nina haraka, wananisubiri mahakamani."

Fundi hakubishana na haraka ile. Alimtolea kigoda nje, pembeni ya ukuta ambako jua lilikuwa limeanza kufika, akamwambia aote jua kidogo wakati yeye anaandaa kamera. Kamera ilikuwa imeandaliwa tangu alfajiri. Mama alipoanza kunyoosha vidole juu ya magoti, akamwita ndani. Akampa kopo la mafuta ya mgando apake mwenyewe: kidogo midomoni, kidogo mashavuni. Kisha akampa leso safi akandamize paji la uso na pua, kwa kuwa mafuta yakizidi hapo yatang'aa kwenye picha. Hakumgusa uso hata mara moja. Ukosi wa sweta uliokuwa umepinda alimwonyesha kwa kugusa ukosi wake yeye, naye mama akaunyoosha wa kwake.

Kisha akashika kamera usawa wa kifua, uso wake ukibaki wazi, akauliza, "Mahindi mwaka huu mmepata mama?" Mama akaeleza. Alieleza habari ya mbolea, ya mvua iliyokatika mapema, ya bei. Fundi alisikiliza kama mtu asiye na kazi nyingine. Maelezo yalipokwisha, mdomo ukafunga, mabega yakashuka, na macho yakabaki kwa yule aliyekuwa akizungumza naye. Hapo ndipo alipobonyeza. Mara moja, halafu mara ya pili kwa tahadhari.

Picha ya pasipoti ina masharti yake: mtu atazame mbele, mdomo ufungwe, asicheke. Wengi huona masharti hayo yamefunga mlango wa ufundi. Kwa fundi huyu nafasi imebaki kubwa, kwa sababu mdomo uliofungwa baada ya kusema jambo la kweli haufanani na mdomo uliofungwa kwa amri. Ofisa atakayeipokea picha ile hataona tofauti. Watoto wa yule mama wataiona.

Ukitaka kupima ufundi wenyewe wa kamera, mfuate mpiga picha kwenye harusi. Baada ya mavuno, mahindi yakishauzwa, harusi, kipaimara na sherehe za upadrisho hufuatana. Bibi harusi amevaa shela nyeupe, bwana harusi suti nyeusi, nyuso zao zina weusi wa namna mbili tofauti. Kamera haijui mambo hayo. Mita yake hupima mwanga kwa kudhani kwamba dunia nzima, ukiichanganya, ni ya kijivu cha wastani. Ikiona shela imejaa kwenye fremu, hudhani mwanga ni mwingi mno na kuupunguza, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Ikielekezwa kwenye suti, hufanya kinyume, na shela inakuwa karatasi tupu isiyo na darizi wala mkunjo.

Tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi Kodak ilizipa maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Rangi ikimkaa Shirley vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi haikuwamo kwenye hesabu. Miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi zao za kahawia hazikutoka sawasawa. Wapiga picha wa Afrika hawakuwa na muda wa kusubiri. Walijitafutia njia, kila mmoja kwenye mji wake.

Njia ya fundi wetu iko mkononi mwake. Hunyoosha kiganja kwenye mwanga uleule uliowaangukia maharusi, akapima hapo, akarekebisha kwa mazoea, kisha asiiguse tena kamera hata mita ikimlalamikia. Baada ya hapo huwahamishia maharusi kwenye kivuli cha ukuta wa kusini wa kanisa, ambako tofauti ya shela na suti inapungua. Wapambe hulalamika kwamba maua mazuri yako upande wa juani. Huwaacha wakapige selfi huko, yeye anabaki na kivuli chake.

Ufundi huu wa kumpa mtu nafasi ya kujiandaa una uzito wa pekee Songea. Hapa, eneo la Mahenge, ndipo ilipo Makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka viongozi wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Picha nyingi zilizobaki za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 zilipigwa na upande wa wenye bunduki. Aliyepigwa picha hakuulizwa asimame wapi wala atazame wapi, na wengi wao hawakuandikwa hata majina. Katika vita vile kamera ilikuwa mali ya mtawala.

Walioigeuza ni watu wa studio. Ranchhod Oza alipoanzisha Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na Seydou Keïta alipofungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, mteja ndiye aliyelipa, ndiye aliyechagua nguo, na ndiye aliyerudi kudai kama hakuridhika. Keïta alipenda mwanga wa uani, na mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mteja, kwa kuwa kila filamu ilikuwa na gharama yake. Nidhamu hiyo haikufa na filamu. Fundi wa Songea ana kadi inayobeba maelfu ya picha, lakini anabonyeza kama mtu aliyebakiza mbili.

Julai, baridi ikikolea, mji hupata wageni. Waliozaliwa hapa wakahamia Dar es Salaam hurudi kusalimia wazee, wakiwa na majaketi waliyoyanunua kwa ajili ya safari hiyo tu. Wakati wao wanapanda kuja, fundi hufunga studio siku chache akateremka kwenda Ziwa Nyasa. Njia inapita kwanza Umatengo, wilayani Mbinga, kwenye vilima vya zaidi ya mita 1,300 ambako baridi ni kali kuliko ya Songea. Msimu huo kahawa ya arabika huwa inavunwa na kuanikwa vichanjani. Lakini anachokifuata yeye ni ngolo.

Ngolo ni kilimo cha Wamatengo cha kwenye miteremko. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi hizo. Hubaki vishimo vilivyozungukwa na matuta: maji ya mvua hutuama mle badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zikioza huwa mbolea. Jua la utosi likiwaka, mlima wa ngolo huonekana bapa, wa rangi moja. Asubuhi ya Julai, jua likiwa chini, kila kishimo kina kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili, na mlima mzima unakuwa sega la nyuki. Fundi hupiga picha hizo bila kulipwa na mtu. Hukaa ng'ambo ya bonde, akasubiri ukungu upande, akapiga chache, akafunga begi.

Kutoka hapo barabara inashuka hadi Mbamba Bay, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na sweta linavuliwa njiani. Mtu wa pwani amezoea kuona jua likichomoza majini. Hapa jua hutua majini, upande wa Malawi. Mitumbwi imevutwa ufukweni, dagaa wameanikwa. Wageni hupiga picha ya jua lenyewe. Yeye huligeuzia jua ubavu akatazama nyuso za wachuuzi wa samaki, na hapo, kwa maelezo yake, ndipo alipopata jambo la kurudi nalo nyumbani. Aliona kwamba mwanamke aliyeinama juu ya mchanga mweupe hana kivuli chini ya kidevu, maana mchanga unaurudisha mwanga juu. Aliporudi Songea alitandaza mfuko mweupe wa sandarusi, ule wa mahindi, sakafuni mbele ya kiti cha mteja. Tangu siku hiyo makunyanzi ya shingo za wazee yamelainika kwenye picha zake, na hakuna mteja anayejua kwamba ni kazi ya kiroba.

Watu huzungumzia msukumo wa sanaa kana kwamba ni upepo unaomshukia mtu. Mimi nimeuona ukija kama kiroba kilichotandazwa sakafuni. Aliyekitandaza alikwenda ziwani akiwa tayari na tatizo kichwani, ndiyo maana mchanga ulimwambia kitu.

Kilele cha msimu ni picha ya ukoo. Wakiwa wamekusanyika wote, wa mjini na wa kijijini, mtu husema, "Tumwite mpiga picha." Hapo kamera ndiyo inayosumbua kidogo kuliko vyote. Fundi hufika mapema, akamwendea mkubwa wa ukoo kando, akamuuliza kwa sauti ya chini nani akae viti vya mbele, shangazi yupi asitenganishwe na yupi, mkwe mpya asimame upande gani, na kama kuna marehemu wa karibuni ambaye picha yake ishikwe na mtu. Vijana wanaojifunza kwake hufanya kazi hii ya kuuliza na kupanga muda mrefu kabla hawajaruhusiwa kubonyeza. Aliyekaa mahali pasipo pake atanuna, na kununa kwa mmoja kutakuwa kwa ukoo mzima ukutani miaka yote.

Picha zikishasafishwa huwa kuna kazi ya mwisho, isiyotozwa hata shilingi. Anazigeuza, na kwa kalamu isiyobonyea upande wa pili anaandika majina ya wote, safu kwa safu, kuanzia kushoto, pamoja na mahali na tarehe. Asipomjua mtu anapiga simu kuuliza. Sisi wenye simu zilizosheheni picha tuna mwanga wa bure, kadi zisizojaa, na nyuso nyingi ambazo wajukuu watashindwa kuzitaja. Kama tunataka kuiga kitu kimoja kutoka kwa fundi wa Songea, na kamera nzuri hatuna, tuanze na kuandika majina.