Barua ya Rosa: Dhana ya Maadili Shuleni na Usomaji wa Rosa Mistika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna neno maadili linavyotumika katika mjadala wa sera ya elimu ya umma nchini Tanzania, kwa kurejelea riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ambayo kwa muda ilizuiwa kutumika shuleni. Yanadai kwamba hoja ya kihafidhina kuhusu wajibu wa shule katika malezi ina msingi unaostahili kujibiwa kwa heshima. Hata hivyo, usomaji uliozaa zuio hilo uliiacha nusu ya maana ya neno lenyewe, yaani haki, na ulirudia kosa ambalo riwaya inalifichua.

1. Utangulizi

Februari 2023, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza kupiga marufuku vitabu 16 katika shule za Tanzania, ukiwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Sababu iliyotolewa ni kwamba maudhui yake yanakinzana na maadili, mila na desturi za Kitanzania. Walimu wa fasihi ya Kiswahili walikuwa na sababu ya kulisikiliza tangazo hilo kwa makini. Zaidi ya miaka hamsini nyuma, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi ilikabiliwa na shutuma ya aina hiyohiyo, ikazuiwa, kisha zuio likaondolewa na riwaya ikawa miongoni mwa kazi zinazotajwa mno katika uhakiki wa fasihi yetu.

Ni rahisi kulisimulia tukio hilo kama ushindi wa fasihi dhidi ya ushamba. Makala haya hayachukui njia hiyo. Waliotaka Rosa Mistika iondolewe madarasani walikuwa na hoja, na hoja hiyo ingali hai miongoni mwa wazazi, viongozi wa dini na walimu wengi. Swali linaloulizwa hapa ni je, hoja hiyo inaposhuka kutoka kwenye kanuni yake na kuwa namna ya kusoma kitabu, inabaki na uaminifu kwa maadili inayoyatetea?

2. Hoja ya kihafidhina katika ubora wake

Hoja hii ina nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba elimu ni urithishaji. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea (1967), alianza na wazo kwamba kazi ya elimu ni kuhamisha hekima na maarifa ya jamii kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Aliitumia kauli hiyo kudai mabadiliko makubwa ya mfumo uliorithiwa kutoka kwa wakoloni, lakini kiini chake ni cha kihafidhina kwa maana njema ya neno: kuna kitu kinachostahili kuhifadhiwa, na shule ni mojawapo ya maghala yake.

Nguzo ya pili ni ulazima. Kwa Sheria ya Elimu ya 1978, mzazi wa Tanzania hana hiari ya kutompeleka mtoto shule ya msingi. Mtoto wa sekondari naye hachagui kitabu cha fasihi atakachotahiniwa. Kwa hiyo kukiondoa kitabu katika orodha ya shule si sawa na kukiondoa katika duka la vitabu. Dola inayomlazimisha mtoto kukaa darasani inawajibika kwa mzazi wake kuhusu kinachosomwa humo.

Nguzo ya tatu, ambayo hutajwa kwa nadra, ni rika na mahali. Jamii zetu za jadi hazikuwa bubu kuhusu mwili na ndoa. Jando na unyago vilifundisha mambo hayo waziwazi, kwa nyimbo na mafumbo yasiyoimbika hadharani. Mwana Kupona naye, katika utenzi wa 1858, anamwita binti yake akae karibu na kumweleza namna ya kuishi na mume. Kilichochungwa ni nani asemaye, kwa nani, wakati gani. Mhafidhina makini hasemi kwamba jambo lisitamkwe. Anauliza kama darasa la vijana arobaini wa jinsi zote, mbele ya mwalimu ambaye pengine ni kijana kama wao, ni mahali pake.

Ikielezwa hivyo, hoja hii haina ushamba. Lakini ikumbukwe kwamba nguzo hii ya tatu inamdai mtu mzima aseme. Hakuna somo la unyago linalofundishwa kwa kunyamaza.

3. Neno lenyewe

Neno adili limetokana na mzizi wa Kiarabu unaobeba maana ya haki na usawa. Maana hiyo haijapotea katika Kiswahili. Tukisema hakimu mwadilifu, tunamaanisha hakimu asiyependelea. Uadilifu wa mwenye mizani ni kutopunja. Katika Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 pia, maadili yanahusu namna mwenye mamlaka anavyoyatumia: asijinufaishe kwa cheo, asifiche mali zake. Katika mazingira hayo neno linamkabili mkubwa.

Katika mazingira ya shule, neno hilohilo hugeuka na kumkabili mdogo. Mwanafunzi mwenye maadili ni yule mwenye heshima, anayevaa vizuri na asiyejihusisha na mapenzi. Maana ya haki imefifia, ikabaki ya mwenendo. Na katika mwenendo, jinsia ndiyo hutangulia. Upunguzaji huu wa maana umekuwa na gharama. Kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi shuleni ziliruhusu mwanafunzi aondolewe kwa kosa dhidi ya maadili. Kwa miaka mingi ujauzito ulihesabiwa kuwa kosa la namna hiyo, na mwaka 2017 msimamo wa kutomrejesha shuleni aliyejifungua ulitamkwa na Rais mwenyewe. Novemba 2021 Serikali ilibadili msimamo huo. Katika kipindi chote hicho mzigo wa neno ulikuwa mabegani mwa msichana. Mwanamume aliyehusika aliangukia mikononi mwa sheria ya jinai, kama aliangukia popote, lakini mjadala wa maadili ulimhusu binti.

Msemo mwingine unaofaa kutazamwa kisarufi ni mmomonyoko wa maadili. Nomino hii inatokana na kitenzi momonyoka, chenye kiambishi cha kutendeka ambacho hakihitaji mtenda. Udongo humomonyoka, hatuulizi nani kaumomonyoa, ijapokuwa kitenzi momonyoa kipo na kingefaa kwa swali hilo. Msemo huu unatufundisha kuona hasara bila kumwona aliyeisababisha. Asiyekuwa na mtenda hatafuti wa kumwajibisha. Hutafuta ukuta wa kuzuia maji, na kitabu huwa miongoni mwa vitu vinavyozuiwa nje ya ukuta huo.

4. Barua mikononi mwa Zakaria

Rosa Mistika inarudisha mtenda katika sentensi. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa Ukerewe. Zakaria ni mlevi, naye ni mkali kwa binti zake kuhusu wavulana. Barua ya Charles kwa Rosa inapoangukia mikononi mwake, Rosa hupigwa vibaya. Baada ya hapo anakua katika ulinzi mkali, anasoma katika shule ya wasichana, na anapofika mahali ambapo jicho la baba halifiki, hana alichofundishwa isipokuwa hofu. Hofu inapoondoka, hakuna kinachobaki. Yanafuata mahusiano na wanaume wengi, utoaji mimba, kisha jaribio la kuanza upya ambalo Charles mwenyewe analivunja kwa kumkataa. Rosa anajiua.

Waliopinga riwaya hii waliona ulevi, uasherati na utoaji mimba, na hawakukosea kuviona. Vimo, tena bila pazia. Kosa lao ni kusoma orodha ya matendo bila kusoma mnyororo wa sababu unaoyafunga. Katika isimu tunatofautisha kati ya kulitaja neno na kulitumia. Katika fasihi kuna tofauti inayofanana na hiyo, kati ya kulionyesha tendo na kulipendekeza. Riwaya ambayo kila hatua ya upotovu wake inaishia katika maumivu, na ya mwisho katika kifo, haiwezi kusomwa kama mwaliko.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Tukiitazama upya ile barua, tutaona kwamba Zakaria ni msomaji. Anasoma maandishi yasiyoandikwa kwa ajili yake, anaona ndani yake hatari tu, na anamwadhibu aliyeandikiwa badala ya kuzungumza naye. Hamwulizi Rosa swali ambalo mzazi angelipaswa kuuliza: huyu kijana ni nani, na wewe unafikiri nini? Zuio la riwaya lilirudia utaratibu huohuo hatua kwa hatua. Mkubwa alisoma kwa niaba ya mdogo, akaona hatari, akamwondolea mdogo maandishi, na mazungumzo hayakufanyika. Kitabu kinachoeleza kwa nini njia ya Zakaria inashindwa kilishughulikiwa kwa njia ya Zakaria.

Haina maana kwamba riwaya yenyewe haina lawama. Yapo malalamiko ya haki kwamba mwanamke ndiye anayelipa kwa uhai wake, ilhali wanaume waliomtumia wanaendelea na maisha. Pia mwandishi anaielemeza mno hoja ya malezi, hadi Rosa mwenyewe anakaribia kuwa zao la baba yake tu, asiye na uamuzi wake. Lakini tuangalie lawama hizi zinaelekea wapi: zinaonyesha kwamba Rosa Mistika ni kitabu cha kihafidhina kuliko walivyodhani waliokizuia. Kinaamini katika familia, katika wajibu wa mzazi, katika uzito wa usafi uliopotea. Hata jina lake linatoka katika litania ya Bikira Maria. Mgogoro wa kitabu hiki na waliokizuia ulikuwa mgogoro wa watu wa nyumba moja.

5. Adili mwenye mjeledi

Fasihi yetu inayo picha nyingine ya adhabu inayofaa kuwekwa kando ya Zakaria. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, mhusika ambaye jina lake ndilo neno tunalolijadili anawapiga kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya uovu waliomtendea. Anawapiga kwa sababu amelazimishwa, na jambo hilo linamuumiza. Mfalme Rai anapopata habari, hasifu ukali wala halaani: anauliza. Adili anapewa nafasi ya kusimulia tangu mwanzo, na kusimulia huko ndiko kunakofungua njia ya msamaha na ya ndugu kurudia ubinadamu wao.

Shaaban Robert hashukiwi na mtu yeyote kuwa adui wa maadili, na hadithi hii imekuwa ikisomwa shuleni kama kielelezo cha fasihi adilifu. Humo mna husuda, usaliti na jaribio la kuua ndugu. Hakuna aliyedai kwamba kijana atakayeisoma atajifunza kumtosa nduguye baharini. Tofauti ya mapokezi ya vitabu hivi viwili haitokani na uwepo wa uovu. Inatokana na aina yake: uovu wa jinsia, tena wa msichana, ndio unaodhaniwa kuambukiza kwa kusomwa. Dhana hiyo haina msingi katika neno adili. Imeingizwa na upunguzaji wa maana tulioueleza.

6. Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba kila kitabu kiingie kila darasa. Nguzo ya rika na mahali inabaki imara: Rosa Mistika haifai darasa la sita, na mwalimu asiyeandaliwa anaweza kuiharibu hata kidato cha sita. Kinachopendekezwa ni kwamba mamlaka zinazoteua na kuondoa vitabu zitakiwe kusema zimesoma nini. Uamuzi wa kukiondoa kitabu ueleze kama kinaonyesha uovu au kinaupendekeza, ueleze ni nani ndani yake anayetenda na anayetendwa, na useme mazungumzo gani yatafanyika mahali pa kitabu kilichoondolewa. Uamuzi usioweza kujibu maswali hayo haujafikia kiwango cha uadilifu tunachokitaka kwa hakimu.

Katika semina zangu wanafunzi wa uzamili huanza karibu kila mara na swali, nani wa kulaumiwa kwa kifo cha Rosa? Baadhi humtaja Zakaria, wengine Charles, wengine Rosa mwenyewe, na mabishano huwa makali. Wapo miongoni mwao wazazi, na wapo wenye msimamo mkali wa dini. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema kwamba riwaya imemfundisha kudharau malezi. Nimewasikia wakiulizana wao, wangeifanyia nini ile barua. Mhafidhina anayetaka shule irithishe maadili anapaswa kulitaka swali hilo liulizwe, kwa kuwa siku moja barua ya namna hiyo itafika nyumbani kwa kila mmoja wao.