Trenton: Kosa Lilikuwa Kumwaga EDTA

Haradali ya Trenton haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa EDTA. Tangu jaribio lile la kuondoa risasi udongoni kwa haradali lifanyike Trenton, New Jersey, mwaka 1997 na 1998, kwenye kiwanja kilichowahi kuwa na kiwanda cha betri, bado kuna wanaolitaja kama mfano wa kuigwa katika kusafisha udongo kwa mimea. Mimi silikubali, na sababu yangu ni ule uamuzi mmoja wa kuimwagia haradali kemikali hiyo ya kelati mavuno yalipokaribia.

Tuupitie. Risasi ni metali isiyopenda kutembea. Ikiingia ardhini hushikwa na fosfeti, mboji na mfinyanzi, na kile kidogo kinachoufikia mzizi hugandia kuta za seli au hukwama kwenye ukanda wa Caspary ndani ya mzizi. Kadimiamu hupenya kwa kupitia vipitishi vya chuma na zinki. Arseniki huingia kwa njia ya fosfeti. Risasi haina njia pana kama hizo, na mimea karibu yote huizuia mizizini. Hiyo ndiyo namna yao ya kustahimili. Waliobuni mbinu hii walilijua jambo hilo vizuri, nao wakaamua kukivunja kizuizi. EDTA huibandua risasi kwenye chembe za udongo na kuiyeyusha majini. Kipimo kikizidi, huharibu utando wa seli za mzizi, na risasi iliyofungwa na EDTA hupanda pamoja na maji hadi majanini. Ratiba ikawa hii: kuza haradali mpaka ishibe, mwaga kemikali, ngoja siku chache, vuna mimea inayokufa. Mmea uliofikishwa hapo haustahimili chochote. Umegeuzwa utambi.

Sasa namba. Makala ya 1997 iliyoipa mbinu hii umaarufu iliripoti risasi zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito mkavu wa haradali, kutoka kwenye udongo wenye miligramu 600 kwa kilo. Watu wakapiga makofi. Nimeshalalamika sana juu ya tabia ya kusoma asilimia ya jani na kuiacha hesabu ya shamba, na leo nalalamika tena. Hekta moja kwa kina cha sentimita 15 ina udongo wa tani 2,000 hivi. Kwa miligramu 600, humo mna kilo 1,200 za risasi. Tuikadirie haradali tani 6 kavu kwa hekta, na tuipe asilimia 1.5 yake yote bila kuipunja: itatoa kilo 90. EDTA nayo, kwa kipimo cha milimoli 10 kwa kilo ya udongo, inafika karibu tani 6 kwa hekta. Tani 6 za kemikali ili kupata kilo 90 za risasi, na hapo tumeipa mbinu hii kila upendeleo.

Na ile risasi iliyoyeyuka lakini haikuingia mmeani ilikwenda wapi? Chini. EDTA haiozi upesi. Hubaki udongoni ikiwa imeishika risasi mpaka mvua inyeshe. Mwaka 2001 watafiti wa Slovenia walikusanya maji yaliyochuja kwenye nguzo za udongo baada ya kuweka kipimo hichohicho. Zaidi ya theluthi ya risasi na zaidi ya nusu ya kadimiamu ilikuwa imeshuka na maji hayo. Tukikadiria kwa kiwango hicho kwenye hekta yetu, kilo 90 zimepanda na zaidi ya kilo 400 zinaelekea kwenye maji ya ardhini. Kwa hiyo anayenionyesha kuwa risasi ya tabaka la juu imepungua hajanionyesha kitu, mpaka aniambie imehamia wapi.

Utafiti wa 1998 ulioonyesha kuwa risasi husafiri ndani ya haradali ikiwa imefungwa na EDTA ni sayansi safi.

Lakini kusafiri mmeani si kusafisha shamba, na wakongwe walikwisha kutufundisha kuifuata mimea yenyewe badala ya kuilazimisha. Alan Baker alitofautisha mimea walimbikizaji wa metali na mimea wazuiaji mwaka 1981. Tony Bradshaw wa Liverpool alizifuata nyasi zilizojizoesha zenyewe kwenye vifusi vya migodi ya Wales, na kutokana na kazi hiyo zikapatikana mbegu za kupandwa kwenye vifusi: Merlin na Goginan kwa risasi na zinki, Parys kwa shaba. Nyasi zilifunika kifusi, vumbi likatulia, risasi ikabaki ilipo. Rufus Chaney, aliyetoa wazo la kuvuna metali kwa mimea mwaka 1983, aliwategemea walimbikizaji wa asili, na baadaye aliipinga EDTA waziwazi. Mlimbikizaji wa kweli ana pampu za kupandisha metali, ana histidini ya kuishika nikeli, ana vakuoli za kuihifadhi. Pycnandra acuminata, mti wa New Caledonia, ana utomvu ambao, ukikaushwa, karibu robo yake ni nikeli. Hakuna aliyemmwagia kitu.

Nayasema haya kwa sababu risasi ya betri ni yetu pia. Owino Uhuru, Mombasa, betri kuukuu ziliyeyushwa mlangoni mwa watu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia na usafishaji wa udongo. Mahali kama pale, kilicho salama zaidi ni kuondoa tabaka lililochafuka vibaya, kuifunga iliyobaki kwa fosfeti na mboji, kisha kuotesha nyasi zinazoizuia risasi mizizini. Akija mtu na mbegu za haradali na mapipa ya kelati, mwulizeni kwanza ni kilo ngapi zitapanda na ni kilo ngapi zitashuka. Akishindwa kuwaonyesha vipimo vya maji ya chini, msimruhusu aanze.