Mtoto wa Udongo Amefika Jangwani

Mama yangu hapendi sauti ya mvua kwenye bati. Wengine huiona tamu, sauti ya kuvuta shuka na kulala. Yeye huamka, huwasha tochi ya simu na kwenda kuangalia mlango wa uani. Nyumba yetu ipo Jangwani, upande wa bonde, si ule upande wa maghorofa yanayopanda kuelekea Kariakoo. Desemba 2011 Mto Msimbazi uliingia ndani hadi usawa wa dirisha. Nilikuwa darasa la sita. Majirani wetu kadhaa walihamishiwa Mabwepande, sisi tukabaki, na baadaye ukuta wetu ukapigwa alama nyekundu ya X ambayo mama aliipaka chokaa siku ya pili yake. Mtu aliyepaita mahali hapa Jangwani alikuwa na utani mbaya, au alifika wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo nilipomwekea mama Katope, usiku mmoja wa masika umeme ukiwa umekatika na simu yangu ikiwa na asilimia arobaini, nilijua ninafanya uchokozi.

Katope ni filamu fupi ya Walt Mzengi Corey, Mtanzania pekee katika African Folktales, Reimagined, mkusanyiko wa filamu sita uliotoka Netflix Machi 2023 kwa ushirikiano na UNESCO. Kila mtengenezaji alipewa bajeti ya dola 75,000. Hadithi yenyewe wengi tumeikuta kwa bibi au katika kitabu cha shule: mwanamke asiye na mtoto anafinyanga mtoto wa udongo, mtoto anapata uhai, na sharti lake ni moja, asiguswe na mvua. Corey anaipeleka kwenye kijiji chenye ukame. Mtoto anafunga safari kuutafutia kijiji mvua ileile itakayomyeyusha.

Mama aliangalia dakika chache, akauliza, "Sasa mvua ikinyesha huyu si anayeyuka?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu anaiombea nini?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma nadharia za fasihi mihula mitatu, na swali zuri kuliko yote niliyosikia kuhusu filamu hiyo limetoka kwa mama anayeuza vitenge.

Tatizo langu na Katope lipo hapohapo. Hadithi ya mtoto wa udongo ina hofu tayari ndani yake, huhitaji kuongeza jini wala damu. Kila wingu ni tishio. Kila mtu kijijini anayetazama juu kwa matumaini anatamani, bila kujua, kifo cha mtoto wa jirani. Hapo kuna filamu ya kutisha kwelikweli. Corey amechagua upole. Picha zake ni nzuri, mtoto anapendeza, na kujitoa kwake kunaliza. Lakini kijiji hakitishi. Sijawahi kuona mtaa unaotaka kitu kwa pamoja usiotisha hata kidogo.

Nikisema hivi huenda nikaonekana ninamwonea mtu kwa kutotengeneza filamu ninayoitaka mimi. Kweli kiasi. Lakini angalia wenzake wawili wa Afrika Mashariki. Voline Ogutu wa Kenya, katika Anyango and the Ogre, anamchukua zimwi wa hadithi za utotoni na kumuweka sebuleni. Otis, mvulana wa miaka kumi na mitatu, anajaribu kuwalinda wadogo zake dhidi ya jitu lililomo ndani ya nyumba yao, na hadithi aliyozoea kusimulia mama yao inaanza kufanana na maisha yao. Hakuna anayehitaji kuambiwa jitu hilo ni nani. Mama alinyamaza mwanzo hadi mwisho. Kwetu hakukuwa na jitu, namshukuru Mungu, ila nyumba ya tatu kutoka kwetu lilikuwepo, na mtaa mzima ulilala ukisikia.

Naye Loukman Ali wa Uganda, katika Katera of the Punishment Island, hakulazimika kubuni kisiwa. Kipo. Kinaitwa Akampene, katika Ziwa Bunyonyi, na ndiko walikotupwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea. Mwanaume asiye na mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja bure. Ali anampa mwanamke wa kisiwani kile ambacho historia haikumpa: nafasi ya kurudi kwa mwenye nguvu aliyempeleka. Ni filamu ya kisasi, ina hasira, na haiombi radhi kwa utamaduni wa mtu.

Hapa ndipo neno Folktales kwenye jina la mkusanyiko linaponikera. Linawapeleka mazimwi wote zamani, kwenye kigoda cha bibi, wakati kazi ya hadithi hizi daima imekuwa kusema jambo la leo kwa mdomo usioweza kukamatwa. Rod Serling alilijua hilo. Mwaka 1956 aliandika tamthilia ya televisheni iliyotokana na mauaji ya Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa Mississippi, na wadhamini wakaikatakata mpaka haikutambulika. Mwaka 1959 akaanzisha The Twilight Zone, vipindi 156 hadi 1964, na mambo yaleyale ya ubaguzi na chuki yakapita salama kwa sababu waliokuwa wakiyatenda waliishi kwenye hadithi za viumbe wa anga. Kuna kipindi cha 1960 ambapo umeme unakatika mtaa mmoja wa Marekani, na kabla usiku haujaisha majirani wanatuhumiana na kuuana. Mtu aliyesikia habari za popobawa wa mwaka 1995, watu wakilala nje kwa makundi na kumchunguza kila mgeni, hahitaji manukuu kukielewa.

Serling alikuwa na kitu kingine ambacho mkusanyiko wetu hauna: yeye mwenyewe. Alifungua hadithi, mwanzoni kwa sauti tu, baadaye akisimama mbele ya kamera, suti nyeusi. Sisi tungemwita mtambaji. Filamu sita za Netflix zinafuatana bila mtu wa kusema paukwa, na unahisi pengo. Unamaliza moja, mashine inakurushia nyingine, kama vyombo vinavyopita kwenye maonyesho.

Wiki iliyofuata nilishuka Kariakoo na flashi. Nilikuwa natafuta mkusanyiko mwingine, Kizazi Moto, filamu kumi za katuni za kisayansi zilizotoka Disney+ Julai 2023. Jina la Kiswahili, na moja ya filamu zake, ya Afrika Kusini, inaitwa Hatima. Uganda wamo, Kenya wamo. Tanzania hatumo. Na ilipotoka, Disney+ haikuwa ikipatikana hapa kwetu. Jina letu lilitoka na kwenda kuonyeshwa kwingine.

Kijana wa duka la kujaza muvi aliandika jina kwenye kompyuta yake.

"Kizazi Moto. Hii ya Bongo, dada?"

"Hapana."

"Mbona jina letu?"

"Ndio nashangaa na mimi, kaka."

Hakuwa nayo. Alinionyesha sizoni za Kikorea, za Kituruki, na safu nzima ya zilizotiwa sauti na ma-DJ. Zisizo na DJ, alisema, hazitembei. Mtu anataka asimuliwe. Nilitaka kubisha, kwa sababu chuoni tunafundishwa kwamba DJ anaharibu kazi ya mtu. Nikakumbuka utoto wetu, kibanda cha video, sauti ya Lufufu ikiwapa Wachina majina ya Kibongo na kutuambia nani atakufa kabla hajafa, nasi tukiogopa zaidi kwa kuwa tumeshajua. Huyo ndiye mtambaji. Tulikuwa naye muda wote, anauza kwa jero.

Nikamsimulia yule kijana Katope, kwa ufupi, wateja wakisubiri nyuma yangu. Mtoto wa udongo, ukame, sharti la mvua. Akaacha kubofya.

"Halafu ikinyesha?"

"Kaangalie."

"Acha hizo, dada. Ikinyesha?"

Sikumwambia. Akasema nikiipata nimletee kwenye flashi, yeye ataitafutia DJ, na nisimdai.