Kaona au Kaambiwa? Mwandishi Mpya na Kalamu ya Mhariri



Jirani yangu hapa Khuwair ya Kusini kaniletea mswada wake wa kwanza, kumbukumbu za wazee wa kwao Unguja. "Dokta, nipitishie macho tu, mwezi ujao nachapa." Nikamuuliza nani atauhariri. Akacheka. "Siku hizi si mtu anajichapishia mwenyewe? Kwani Ghassany kafanyaje?"

Jawabu lake limenirejesha kwenye Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, alichokitoa Dk. Harith Ghassany mwaka 2010. Kitabu kilitoka kwa njia ya Lulu, ambako nakala huchapwa pale inaponunuliwa, na PDF yake ikazunguka bure. Kitabu kinene cha Kiswahili, juu ya Mapinduzi ya 1964 na mkono wa Tanganyika ndani yake, kikatufikia sote bila ya kungoja ruhusa ya mtu. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Sifa yake ya pili ni sauti. Wazee wameachiwa waseme, kwa kirefu, kwa Kiswahili chao. Thamani ya hilo naijua kwa kuumia. Mswada wangu wa kwanza, mchapishaji mmoja aliurejesha kila "skuli" imekuwa "shule", kila "hichi" imekuwa "hiki", na bibi wa Makunduchi anazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Nikauchukua mswada wangu nikaondoka.

Lakini hapohapo kwenye sifa ndipo penye udhaifu. Simulizi zinafuatana, na mara nyingi, kwa kusoma kwangu mie, msomaji ndiye anayeachiwa kazi ya mhariri: huyu alikuwepo, au anahadithia aliyoyasikia barazani? Hoja nzito kama ile ilitaka walioona wakae upande wao, waliosikia upande wao, na wanaopingana wawekwe uso kwa uso. Pasipo hivyo, asiyeipenda hoja hupata mlango mwepesi: huokota simulizi moja dhaifu, akakitupa kitabu kizima.

Sisemi mhariri ni malaika. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yalitolewa Berlin mwaka 1902–1903 na Heinrich Brode, kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Bila ya Brode huenda tusingeyasoma. Lakini pia tunayasoma kupitia mkono wake.

Yuko lakini mhariri wa namna nyengine. Mswada wangu ule baadaye nilimpelekea mwalimu wangu wa zamani, mstaafu. Hakugusa "hichi" hata moja. Pembeni aliandika kwa penseli swali moja, akalirudia kila penye haja: "Huyu kaona au kaambiwa?" Kurasa 40 zikaanguka. Niliumia, wallahi. Lakini zilizobaki zinasimama kwa miguu yao.

Hayo nimemweleza jirani yangu. Nikamwambia kujichapishia si aibu, ila mwezi ujao ni mapema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Wazee wangu walikuwa watano. Wawili nimeshawazika. Nikingoja mhariri, atabaki nani akisome?"

Neno lake lina uzito, na sitaki kulipuuza. Lakini mie naliona ndiyo hoja yenyewe ya kuhariri sasa. Wale watatu wako hai. Awaendee, awasomee maneno yao, awaulize swali la penseli. Kanda azihifadhi, majina na tarehe aziandike. Kitabu kinaweza kuchapwa tena mwakani, hata baada ya miaka kumi. Maiti haulizwi kama kaona au kaambiwa.

Wenye mawazo tofauti, karibuni.

Khuwair ya Kusini, Muscat