Mwamba Ngoma na Chumba Chake

Barabara ya Namanga ikishaiacha Kitengela na kuelekea Isinya, hupita Kisaju, na hapo nyumba za mawe zimeota uwandani kwa kasi kuliko majani. Ni nyumba za viwanja vya hamsini kwa mia: kuta za mawe yaliyochongwa kwa mashine, sakafu ya vigae, paa la mabati, vyumba vya futi kumi kwa kumi. Katika vyumba kama hivyo ndimo muziki mwingi wa siku hizi unamorekodiwa, wa injili na wa mapenzi, hata wa siasa msimu wa kampeni ukiwadia. Sauti ya mwimbaji hutoka safi, gitaa halina kasoro. Ngoma ndiyo inayotia aibu. Ama inalia kama debe lililoangushwa, ama haipo kabisa, na mahali pake pamepachikwa mdundo wa kompyuta. Lawama hutupiwa vyombo: maiki ya bei rahisi, programu ya kuiba. Hoja yangu ni kwamba lawama hiyo imebisha mlango wa jirani. Sauti ya ngoma hutengenezwa kwa mkono na sikio kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa, na ufundi huo tumeuacha ufe kwa uvivu.

Wazee wa Pwani waliujua. Waliziita ngoma zao kwa majina, vumi, chapuo, msondo, na vumi ikabeba katika jina lake kazi yenyewe ya kuvuma. Kuwamba kulikuwa shughuli ya siku kadhaa: ngozi ichaguliwe, iloweshwe, ivutwe sawasawa pande zote, ianikwe. Hata baada ya hapo ngoma haikuaminiwa. Umande wa usiku hulegeza ngozi, kwa hiyo katikati ya mchezo ilipelekwa motoni, ikageuzwageuzwa, ikagongwa kwa kidole, ikasikilizwa, ikarudishwa motoni. Wachezaji walingoja, na hakuna aliyeona kwamba anapotezewa muda. Ngozi za plastiki zilipoingia sokoni mwaka 1957 zilituondolea umande, nasi tukadhani zimetuondolea na sikio. Seti ya dramu hununuliwa na kanisa, ikakazwa siku ile ya kwanza, na skrubu zake zisiguswe tena hadi ngozi itoboke. Ilhali kazi ni ile ile: gonga karibu na kila skrubu, sikiliza, kaza inayolia chini, vuka upande wa pili, rudi, kisha uigeuze ngoma na ufanye vivyo hivyo kwa ngozi ya chini, ambayo wengi hawakumbuki kwamba ipo. (Wenyeji wa uwanda huu, Wamaasai, kwa jadi huimba bila ngoma, koo na miguu ndiyo inayobeba mdundo. Ngoma ilikuja Kisaju na makanisa na wahamiaji, na pengine ndiyo sababu imelelewa kama mtoto asiye na kwao.)

Chumba nacho ni ngoma ya pili, na hiyo hakuna aliyeiwamba. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Katika chumba chenye upana wa mita 3, mtetemo wa kama mara 57 kwa sekunde huenea barabara toka ukuta hadi ukuta, ukarudi na kujijaza wenyewe. Na ni huko huko chini inakovuma ngoma kubwa ya mguu. Chumba kikiwa cha mraba, kuta zote nne hukazania sauti hiyo moja. Ndiyo maana maiki iliyowekwa pembeni hunasa mvumo unaomeza kila kitu, na ikiwekwa katikati kabisa mvumo huo hunywea kana kwamba mpigaji ameinua mguu. Godoro lililoegemezwa ukutani na shuka mbili tatu zilizotundikwa kwa mikunjo huzima makofi ya vigae, lakini shuka haishiki mvumo. Mvumo huwindwa kwa kuhama: ngoma isogezwe hatua moja, maiki nusu hatua, watu wasikilize, wasogeze tena. Kazi hiyo haidai shilingi hata moja. Inadai jioni nzima.

Na kuna uzi. Mwingereza Glyn Johns, aliyerekodi albamu ya kwanza ya bendi ya Led Zeppelin mwaka 1968, alisifika kwa kutumia maiki chache, mbili kati ya hizo zikiwa mbali kwa kipimo kimoja kutoka katikati ya ngoma ya sneya: moja juu, nyingine ubavuni. Wanaomfuata hupima kwa uzi. Ncha moja hushikwa juu ya ngozi, nyingine huvutwa hadi maiki ya kwanza, kisha uzi uo huo, bila kurefushwa, hupelekwa kwa ya pili. Sababu ni rahisi: sentimita 34 tu za tofauti huichelewesha sauti kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na sauti mbili zisizofika pamoja huanza kufutana, ngoma ikabaki gamba. Kipande cha uzi wa kushonea magunia, basi, huweza kufanya lisilofanywa na programu ya maelfu. Nakipenda kifaa hiki kwa sababu hakina mtindo wa mwaka huu wala wa mwaka jana, na kwa sababu kinamlazimu fundi apige magoti mbele ya ngoma.

Atatokea wa kusema kwamba hii ni anasa ya wenye studio. Lakini ngoma za Led Zeppelin zinazotajwa zaidi, zile za “When the Levee Breaks” katika albamu ya 1971, zilirekodiwa katika nyumba ya watu huko Hampshire: seti chini ya ngazi, maiki mbili zikining’inia juu. Walichokuwa nacho ni subira ya kuisikiliza nyumba. Mwingine atasema wasikilizaji wenyewe wanatumia simu, na simu haina besi. Kweli, ndiyo maana mlio wa ngozi yenyewe, ule wa katikati, hauna pa kujificha simuni. Na wimbo huo huo jioni utapigwa katika matatu ya kwenda Kitengela, ambako besi mbovu hutikisa vioo na kuyafunika maneno.

Hoja nzito kuliko zote ni ya tatu: mdundo wa kompyuta hauyumbi, ni safi, ni wa bure. Siukatai usafi wake. Nauliza umetoka wapi. Mingi ya midundo hiyo ni ngoma ya kweli, iliyowambwa na mtu, ikarekodiwa chumbani na fundi aliyekesha akisogeza maiki. Tunachokopa ni subira ya wengine, pamoja na kuta zao. Na rekodi huhifadhi mahali pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika aliyezoea kuishika maiki mkononi, alirekodi entenga katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo: ngoma 15, kumi na mbili kati yake zikiimba wimbo kwa sauti zilizopangwa. Mwaka 1966 jumba lilishambuliwa na jeshi la serikali ya Uganda, wapigaji wakatawanyika. Anayetaka leo kusikia ngoma zile zilivyolia mahali pale ana kanda za Tracey. Atakayetaka kesho kusikia ngoma ilivyolia Kisaju, chini ya mabati yanayotatarika yakipoa baada ya magharibi, malori ya Namanga yakinguruma kwa mbali, atafungua nyimbo zetu na kukuta sakafu ya mbao ya mji mwingine.